Gemu Linalokubali Kuisha



Likizo iliyopita Paroko wetu aliniomba nizungumze na vijana baada ya Misa ya pili kuhusu matumizi ya simu. Mafrateri wenzangu wanajua maombi ya namna hiyo yanavyokuja: dakika tano kabla, ukiwa sakristia. Nikasimama mbele, nikasema nilichokuwa nacho. Niliweka katika kapu moja kubeti, picha chafu, umbea wa makundi ya WhatsApp na magemu. Kwenye magemu nilikuwa mkali kuliko kwingine, pengine kwa sababu ndiyo nisiyoyajua. Nilisema yanakula muda, yanadumaza akili, yanafundisha kuua. Vijana walipiga makofi ya adabu. Mama mmoja wa WAWATA akanipa mkono, akasema nimeongea vizuri.

Jioni tukiwa tunakula, mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, wewe umewahi kumaliza gemu hata moja?"

Nikamwambia sijawahi hata kuanza. Hakusema kitu. Akamaliza ugali wake, akanawa, akaingia chumbani.

Mdogo wangu ana miaka 19. Si mlevi wala mtukutu, ni mkimya tu, na nyumbani tumezoea kuusoma ukimya wake kama uvivu. Usiku ule alikuja na laptopu yake ya mtumba, ile ambayo betri imekufa na lazima ikae kwenye umeme muda wote, akaiweka mbele yangu. "Cheza hili," akasema. "Halafu Jumapili ijayo uhubiri tena."

Gemu lenyewe linaitwa Limbo. Lilitengenezwa na kampuni ndogo ya Copenhagen, Denmark, iitwayo Playdead, na lilitoka mwaka 2010. Kwa dunia ya magemu hicho ni kitu cha zamani. Hakuna rangi: ni nyeusi, nyeupe na kijivu, kama kivuli kwenye ukuta wa nyumba yenye kibatari. Mvulana amelala msituni. Macho yake mawili meupe yanafunguka. Basi. Hakuna maandishi ya kukukaribisha, hakuna sauti ya kukueleza wewe ni nani na unatakiwa kufanya nini. Hakuna alama, hakuna saa inayohesabu, hakuna muziki wa kukupa moyo. Kuna upepo, kuna maji, na mlio wa kitu kizito mahali fulani mbele. Una vitufe vya mishale na kimoja cha kushika vitu. Unatembea kwenda kulia kwa sababu ndiko kunakoelekea kuwa na njia.

Hisia yangu ya kwanza, niseme ukweli, ilikuwa hasira. Nilianguka shimoni. Nikakanyaga mtego wa chuma wenye meno, kichwa kikaruka. Nikazama. Kila ukifa, gemu halikukemei wala halikucheki; linakurudisha hatua chache nyuma, mvulana yupo tena, anasubiri. Baada ya kufa mara kumi mahali pamoja nilimwambia mdogo wangu, "Niambie basi cha kufanya." Akajibu, "Nikikuambia, nimecheza mimi."

Nimesoma mantiki mwaka mzima. Najua kutaja aina za kauli na makosa ya hoja. Lakini pale mbele ya sanduku, kamba na shimo, niligundua kwamba nina tabia mbaya ambayo mtihani haujawahi kuifichua: nikishakosea, narudia kosa lilelile kwa nguvu zaidi. Nilikuwa naruka palepale, kwa namna ileile, kama vile shimo litanionea huruma. Fumbo lilifunguka siku niliyoacha kuruka na kuanza kutazama. Kamba ilikuwa pale muda wote. Sikuwa nimeiona kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba jibu ni kuruka.

Wanaocheza magemu ya namna hii husimulia jambo hilohilo, kila mtu kwa lugha yake: kwanza unapotea, halafu unakasirika, halafu unanyamaza, halafu unaona. Sisemi hii ni tafakari ya kimungu. Nasema ni mazoezi ya kutulia, na sisi tunaolalamika kila siku kwamba vijana hawawezi kutulia tungefaa kujua yanapatikana wapi.

Kuna sehemu ya buibui. Ni mkubwa kuliko miti, na anakuwinda karibu tangu mwanzo. Unamkata mguu kwa mtego, anakimbia, anarudi. Mwishoni amebaki na mguu mmoja tu, hawezi tena kukufuata, yuko chini hoi. Mbele yako kuna shimo lenye miiba. Ili uvuke, lazima umng'oe ule mguu wa mwisho, ukisukume kiwiliwili chake mpaka kwenye miiba, kisha umkanyage upite. Niliposhika ule mguu na kuanza kuvuta, niliona haya. Nilimwangalia mdogo wangu. "Hata mimi," akasema. Gemu halikusema kitu. Halikutupa alama za ushindi, halikupiga tarumbeta. Lilituacha na tulichofanya. Na mimi ndiye niliyewaambia vijana kwamba magemu yanafundisha kuua bila kufikiri. Yapo ya namna hiyo, sikatai. Hili lilinifanya nifikiri kuhusu kuua buibui wa kuchorwa, jambo ambalo sikutegemea.

Tulicheza usiku tatu. Mwishoni mvulana anavunja kioo, anaanguka taratibu, anajikuta tena msituni kama mwanzo. Anatembea kidogo. Kuna msichana mdogo amekaa chini, amempa mgongo. Mvulana anamsogelea. Msichana anashtuka, anainua kichwa. Skrini inakuwa nyeusi. Imeisha.

Wachezaji wamebishana kuhusu mwisho huo kwa miaka mingi. Wengi wanaamini msichana ni dada yake, na kwamba safari yote ilikuwa ya kumtafuta. Wengine wanasema wote wawili walikwisha kufa, kwa sababu ukirudi kwenye ukurasa wa kuanzia unaona mahali palepale, wao hawapo, na nzi wanazunguka walipokuwa. Ndani ya gemu lenyewe hakuna jibu.

Sisi hatukubishana. Tulikaa kimya, laptopu ikivuma. Ndipo mdogo wangu akaniuliza, "Limbo ni mahali pa kweli?"

Hapa inabidi nieleze jambo la nyumbani. Nilipokuwa darasa la tano, mama alijifungua mtoto wa kike, akaishi siku mbili. Padre alikuwa vigangoni, na katika purukushani ile hakuna aliyekumbuka kwamba wakati wa hatari hata mlei anaweza kubatiza. Msibani mzee mmoja, kwa nia njema, alimwambia mama kwamba mtoto yuko limbo, hateseki, ila Mungu hatamwona. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano. Nilidhani hakusikia. Kumbe alisikia, akalihifadhi neno, na miaka kumi na minne baadaye alipoliona kwenye flashi ya rafiki yake katikati ya majina mengine ya magemu, akalifungua lile.

Nilimjibu. Nilimwambia neno limetoka kwenye Kilatini limbus, yaani ukingo au pindo. Kwamba lilikuwa wazo la wanateolojia wa zamani waliohangaika na swali gumu, na Kanisa halikuwahi kulifanya kuwa fundisho la imani. Kwamba Katekisimu inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na kwamba mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati nzima, kwa kibali cha Papa Benedikto XVI, ikieleza sababu za kuwa na tumaini kwamba watoto waliokufa bila ubatizo wanaokolewa. Nilijibu vizuri, kama mtu aliye mbele ya watahini.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mama ameshaambiwa hayo?"

Hakuwa ameambiwa. Nimekuwa katika malezi ya seminari miaka mingi, nimerudi likizo baada ya likizo, nimezungumza na vijana, na WAWATA, na watoto wa Kipaimara, na sikuwahi kumwambia mama yangu. Asubuhi yake nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza. Alisikiliza mikono yake ikiendelea na kazi. Kisha mikono ikasimama. "Ulikuwa unajua tangu lini?" akaniuliza. Nikamwambia. Akarudi kwenye maharage, na hatukuongea tena mpaka mchana.

Nisieleweke vibaya. Waliotengeneza Limbo hawakumfikiria marehemu dada yetu, na sidhani walikusudia kufundisha katekesi. Ninachosema ni kwamba gemu lile liliisha, na lilipoisha liliacha nafasi. Lingekuwa limetuonyesha zawadi inayong'aa, na kitufe cha kuendelea, na tangazo la gemu lingine, swali lile lisingeulizwa. Mdogo wangu angebonyeza tu.

Tofauti hiyo ndiyo sikuijua siku nilipohubiri. Magemu mengi yaliyomo kwenye simu za vijana wetu ni ya bure, na yametengenezwa yasiishe. Ukimaliza hatua ya mia, ipo ya mia na moja. Ukiishiwa maisha, unaambiwa usubiri nusu saa au ulipe. Usipoingia leo, zawadi ya leo imepotea, na simu itakutumia ujumbe kukukumbusha. Hayo ni ndugu wa mkeka wa kubeti: yote yanaishi kwa kukufanya ujione umebakiza kidogo tu. Kuhusu hayo sibadilishi neno hata moja la mahubiri yangu, isipokuwa ningeyasema kwa utulivu zaidi.

Haya madogo ni kitu kingine. Baada ya Limbo nilipita Dar es Salaam kwa shangazi, na kwenye tableti aliyowanunulia watoto wake nikakuta Monument Valley. Hili ni la ustwo ya London, mwaka 2014. Unamwongoza binti mfalme mdogo aitwaye Ida ndani ya majengo yasiyowezekana, ngazi zinazopanda na kushuka kwa wakati mmoja, kwa mtindo wa michoro ya Mholanzi M. C. Escher. Unazungusha mnara kwa kidole, na njia iliyokuwa imekatika inaungana, si kwa kuwa imejengwa bali kwa kuwa unaitazama kutoka upande mwingine. Humo hakuna kufa. Kuna watu wenye umbo la kunguru wanaokuzomea ukiwakaribia, na kosa kubwa unaloweza kufanya ni kukwama. Binamu yangu wa miaka saba alilicheza amekaa mapajani mwangu, na alikuwa anaziona njia kabla yangu, bila shaka kwa sababu hajasoma jiometri.

Sura ni kumi tu. Mchana mmoja umemaliza. Hilo ndilo lililowaudhi baadhi ya wanunuzi: wametoa pesa, mbona limeisha? Mwaka uleule watengenezaji walipoongeza sura nyingine nane kwa malipo madogo, wakatokea watu wa kuwapa nyota moja kwa hasira ya kuombwa tena pesa isiyofika dola mbili. Nilipolijua jambo hilo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Tumezoeshwa mpaka tunaona kitu kinachokwisha kwa heshima kuwa kimetupunja. Hata sisi wa seminari: nani hajawahi kusema mahafali yalikuwa mafupi?

Lipo jingine ambalo sijalicheza, nimetazama tu likichezwa: Journey, la mwaka 2012. Unavuka jangwa kuelekea mlima wenye mwanga kileleni, na njiani unaweza kukutana na mtu mwingine wa kweli anayecheza kutoka sehemu yoyote ya dunia. Hamwezi kuongea wala kuandikiana. Mnaweza tu kutoa mlio wa wimbo na kukaa karibu. Jina lake unalijua mkishamaliza. Wachezaji wanamkumbuka mwenzao huyo asiye na jina kuliko wanavyoikumbuka michoro, nami nawaelewa.

Nilimsimulia haya mlezi wangu mmoja niliporudi. Hakukubaliana nami, na sina budi kuandika alichosema kwa sababu kina uzito. Alisema mlango wa kwanza huwa mdogo na mzuri. Kijana hataishia kwenye sura kumi, atatafuta nyingine. Akaniuliza pia nililala saa ngapi siku zile tatu. Nilimwambia ukweli: usiku wa pili tulizima saa nane, na Misa ya asubuhi kigangoni ikanipita, mimi niliyetegemewa kuongoza nyimbo. Mama alikwenda peke yake. Hapo sina utetezi. Gemu zuri lilikula sala yangu kama ambavyo baya lingeila.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliona hili kabla ya umeme. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anauliza kama kuna fadhila katika kucheza, na anasema ipo. Anasimulia kisa cha Yohane Mwinjili aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake, watu wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao mwenye upinde apige mshale, kisha apige tena, na tena. Akamuuliza kama angeweza kuendelea bila kupumzika. Yule akasema upinde utavunjika. Roho nayo ni vilevile. Lakini Thoma haishii hapo. Ibara inayofuata inahusu dhambi ya kuzidisha mchezo, na inayofuata hiyo, ambayo huwa tunairuka, inahusu kosa la mtu asiyejua kucheza kabisa, anayewakunjia uso wanaocheza. Siku ile ya mahubiri nilikuwa ndani ya ibara ya nne. Usiku wa pili nikahamia ya tatu. Sikukaa sana kwenye ya pili.

Kuna jambo moja zaidi linalonisumbua, na sitalificha. Limbo la mdogo wangu lilitoka kwenye flashi. Halikununuliwa. Magemu haya ya utulivu huuzwa, kwa kadi ya benki na intaneti, na kijana wa kwetu asiye na kadi anabaki na yale ya bure yasiyoisha, au anaiba. Huo si udhuru wa wizi. Ni maelezo ya kwa nini magemu ya bure yamejaa na haya hayajulikani. Shangazi ameahidi kulinunua Limbo kwa kadi yake, nami nitamrudishia pesa kutoka kwenye posho yangu ya likizo. Mdogo wangu anaona nachekesha kulipia kitu nilichokwisha kumaliza.

Nilimwandikia Paroko kumwomba anirudishe mbele ya vijana likizo ijayo. Alijibu kwa ujumbe mfupi: nije, ila nisizungumze peke yangu, nije na huyo mdogo wangu. Nilimpigia kumweleza. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Akasema laptopu atabeba, na kama ukumbini kuna umeme ataiwasha, lakini kuongea hataongea.